Mmea wa majani manene unaozaa vitoto ukingoni mwa jani: naomba msaada wa kuutambua

Mama Bustani, Kihonda, Morogoro

Ndugu zangu wapenda bustani, nawasalimu. Naomba mnisaidie kuutambua mmea ambao sikuupanda mimi, lakini ambao kwa muda wa miaka miwili hivi umejitwalia kona nzima ya ua wangu. Nadhani uliingia na udongo wa mche wa waridi nilioununua kwa muuza miche wa kando ya barabara, kwa maana mara ya kwanza niliuona ndani ya chungu kile kile, ukiwa na kimo cha kidole. Niliuacha kwa sababu ulipendeza. Sasa umo kwenye nyufa za saruji, umo chini ya tangi la maji, na wiki iliyopita kijana aliyepanda juu ya paa kusafisha gata aliukuta umeota humo, juu ya vumbi na majani makavu matupu.

Una shina moja lililonyooka, na ulio mrefu kuliko yote unanifika kiunoni. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekingamana na jozi iliyo chini yake. Ni manene, yamejaa maji, rangi yake ni kijani kinachoelekea kijivu, na yana madoa ya zambarau iliyokoza, mengi zaidi upande wa chini. Ukingo una meno kama ya msumeno.

Kilichonishangaza kimo katika meno hayo. Jana asubuhi niliketi barazani nikachuma jani moja nikalisogeza karibu na macho. Kati ya jino na jino kulikuwa na kimche kamili, kidogo kama punje ya mtama, chenye majani yake mawili ya mviringo na mizizi myeupe kama nyuzi ikining'inia hewani pasipo kugusa chochote. Nilipopitisha kidole ukingoni vilidondoka kiganjani bila ubishi wowote. Nilivihesabu: katika jani moja vilikuwa 38.

Nimepewa majibu matatu yasiyopatana. Jirani wa kushoto anasema ni aina ya mshubiri. Jirani wa kulia anasema ni dawa ya presha, na kwamba majani matatu huchemshwa na kunywewa asubuhi. Programu ya simu niliyoipigia picha inasema ni *Kalanchoe daigremontiana*. Ninaandika kwa haraka kidogo kwa sababu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, anatumia vidonge vya presha vya hospitali, naye amekwisha kuniomba mara mbili nimchemshie majani hayo. Pia nina mbuzi wawili wa maziwa ambao hufungwa karibu na kona hiyo. Je, mmea huu ni upi hasa?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Dada yangu, ahsante kwa maelezo yako, kwani watu wengi hutuwekea picha ya ukungu na neno moja, nawe umetazama kwa makini. Kabla sijasema lolote kuhusu jina, nakuomba sana usimchemshie mama majani hayo, wala usiwafunge mbuzi hapo tena leo. Sababu zitafuata.

Tuanze na yale ambayo mmea huo siyo. Si mshubiri, kwa kuwa mshubiri hukusanya majani yake kama waridi lililofumbuka, yakitoka kitovu kimoja, na ukilikata jani lake utaona ute mweupe usio na rangi katikati na majimaji ya manjano machungu chini ya ganda. Tena mshubiri hauzai ukingoni mwa jani hata siku moja. Si jamaa ya mnyaa pia, ingawa hili ulithibitishe mwenyewe kwa kuvunja jani: mnyaa na ndugu zake wote hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao ukiingia jichoni huunguza vibaya. Nadhani wako utatoa maji tu.

Programu yako imekosea jina, lakini imepata jenasi. Huu ni *Kalanchoe*, wa familia ya Crassulaceae. Tunazo *Kalanchoe* zetu za asili hapa Afrika Mashariki, kwenye majabali na kando ya misitu, lakini hizo hazitoi miche ukingoni. Zile zinazozaa juu ya jani ni kundi lenye asili ya Madagaska, au Bukini kama wazee wetu wa pwani walivyoiita. Kwa hiyo vile vitoto 38 vimekwisha kutueleza mmea umetoka wapi, hata kabla hatujajua ni upi kati ya ndugu wanne au watano wanaofanana.

Ili tumalize, naomba mambo matatu. Pima jani kubwa, urefu na upana. Tazama pale jani linapoungana na kikonyo chake, uniambie kama pana masikio mawili yaliyorudi nyuma, au kama jani linapungua taratibu tu mpaka kwenye kikonyo. Na kama kuna maua, kwa kuwa huu ni mwezi wa Julai na mimea hii hupenda kuchanua siku zinapokuwa fupi, tueleze rangi yake.

Kijana wa Wete, Pemba

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo Mama. Nadhani mmea huu naufahamu tangu utotoni. Kwa bibi yangu ulikuwa umeota nyuma ya kisima, na sisi watoto tulikuwa tukichuma jani na kulibandika ukutani kwa msumari, kisha tukawa tunalitazama kila siku tunapotoka chuoni. Baada ya wiki moja au mbili lilianza kutoa miche bila kupewa hata tone la maji, na mwenye jani lililotoa miche mingi ndiye aliyeshinda. Bibi aliupasha jani moto kidogo na kukamulia maji yake kwenye jipu. Nilipokua nikasoma kwamba jina lake ni *Kalanchoe pinnata*. Kwa maoni yangu mmea wa Mama ni huo huo.

Mama Bustani, Kihonda, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mwalimu, nimefanya ulivyoagiza, kwa kutumia rula ya mtoto wa shule.

Nimevunja majani matatu na kikonyo kimoja; yametoa maji meupe yasiyo na rangi, hakuna maziwa. Jani kubwa kuliko yote lina urefu wa sentimita 13 na upana wa sentimita 3 kasoro kidogo. Halikulala tambarare: pande zake mbili zimejikunja kwenda juu, kiasi kwamba jani zima lina umbo la mtumbwi, na nilipomwaga maji kidogo juu yake yalituama katikati. Masikio nimeyatafuta katika majani kumi na sijayaona. Jani linapungua na kuwa jembamba mpaka linakuwa kikonyo. Maua yapo kwenye mimea miwili mirefu. Yako juu kabisa, kwenye kishada kilichofunguka kama mwavuli, yananing'inia kichwa chini kama vijitarumbeta, na rangi yake ni nyekundu ya tofali inayoelekea chungwa.

Mbuzi nimewahamishia upande wa pili wa nyumba.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba kijana wangu wa Wete. Mchezo wenu wa jani na msumari ni somo zuri la botania, na mmea wa bibi yako bila shaka ulikuwa *Kalanchoe pinnata*, lakini wa Mama Bustani si huo. *Pinnata* ina jani pana la mviringo ambalo mara nyingi hugawanyika kuwa vijani vitatu au vitano, na ukingo wake una mawimbi butu, siyo meno ya msumeno. Tena angalia tofauti moja kubwa: jani la *pinnata* kwa kawaida hungoja mpaka lichumwe au lianguke ndipo litoe miche, na ndiyo sababu mlihitaji msumari. Mmea wa Kihonda unazaa jani likiwa bado liko shinani. Hata maua yanatofautiana, kwa kuwa ua la *pinnata* limevikwa mfuko uliovimba kama taa ya karatasi.

Tunabaki na watatu. Wa kwanza ni *Kalanchoe delagoensis*, ambaye majani yake ni kama vijiti vya mviringo, na miche yake hukaa kwenye ncha tu. Huyo tunamwondoa, kwa sababu miche ya Mama imejipanga ukingo mzima. Wa pili ni huyu aliyetajwa na programu, *daigremontiana*, aliyepewa jina lake mwaka 1914. Yeye ana jani pana zaidi, tuseme upana wake ni theluthi moja ya urefu au hata nusu, na mara nyingi ana yale masikio niliyokuuliza, na maua yake ni ya waridi lililofifia kuelekea zambarau. Dada, jani lako lina urefu unaozidi upana mara nne na zaidi, limejikunja kama mtumbwi, halina masikio, na maua ni mekundu ya tofali. Kila kipimo kinamkataa.

Wa tatu ni chotara wa hao wawili, na ndiye ninayeamini kwamba umekaa naye kwa miaka miwili: *Kalanchoe × houghtonii*. Alama ile ya kuzidisha katikati ya jina ndiyo inayoonyesha kwamba ni chotara. Alizalishwa huko California, Marekani, katika miaka ya 1930, na Arthur Duvernoy Houghton, aliyependa sana mimea ya aina hii, kwa kuchavusha *daigremontiana* na *delagoensis*. Kwa baba na mama alichukua vyote viwili: madoa na miche ya ukingo mzima kwa upande mmoja, wembamba wa jani na rangi ya maua kwa upande mwingine. Kisha akasambaa duniani kwa vyungu vya watu, na kwa miongo mingi wakulima wa bustani na hata wataalamu walimwita *daigremontiana*, kwa kuwa jina rasmi hakulipata mpaka mwaka 2006. Maelezo ya kitaalamu ya familia ya Crassulaceae kwa eneo letu la Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1987, kwa hiyo ukimtafuta humo kwa jina hili huwezi kumpata. Nadhani programu ya simu nayo imelishwa picha nyingi zenye jina la zamani, na inarudia ilichofundishwa.

Naongeza jambo moja kwa sababu ulishangaa kuukuta kwenye gata. Mimea hii hufungua vinyweleo vya majani yake usiku, wakati wa baridi, na kuvifunga mchana wa jua, hivyo haipotezi maji kama mchicha wako. Hewa inayoivuta usiku huihifadhi ndani ya jani kama asidi, kisha huitumia kunapokucha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliona kwamba jani la *pinnata* ni chachu sana asubuhi na kwamba uchachu huo umekwisha jioni. Uchunguzi wake ulikuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za kuuelewa utaratibu huu. Yeye alionja kwa ulimi. Wewe usionje, na hapo namwachia daktari wa mifugo ambaye najua hupita humu.

Daktari wa Mifugo, Arusha

Mwalimu amenitangulia kwa onyo, nami naliunga mkono kwa nguvu zote.

Mama, wazazi wote wawili wa chotara huyu wana kemikali za sumu ziitwazo bufadienolidi, na mtoto amezirithi. Kemikali hizi huzuia pampu ndogo za chumvi zilizomo katika chembe za misuli ya moyo, na moyo ukishavurugwa hapo hupoteza mwendo wake. Mnyama aliyekula hutoa mate, huharisha, huwa mnyonge, hupumua kwa shida, na anaweza kuanguka na kufa. Sumu imo katika mmea mzima, lakini imejaa zaidi katika maua, na mmea wako umechanua sasa hivi. Mwaka 1997 huko Australia, karibu na mji wa Moree, ng'ombe 125 waliokuwa wakiswagwa njiani walikufa baada ya kula *delagoensis*, ambaye ni mzazi mmoja wa mmea wako. Mbuzi aliyeshiba huenda akaukwepa, lakini mbuzi aliyefungwa kamba fupi wakati wa kiangazi hula kilichopo mbele yake. Usidharau hata ukoka uliofyekwa mahali hapo, kwa maana jani lililonyauka bado lina sumu.

Kuhusu mama yetu, mimi si daktari wa binadamu, lakini njia ya kemikali hizi mwilini ni ile ile ya dawa ya moyo iitwayo digoksini, ambayo madaktari huitoa kwa vipimo vidogo sana na kwa uangalizi, kwa sababu umbali kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni mfupi. Sufuria ya majani matatu haina kipimo. Jani la leo halilingani na la mwezi ujao, na mtu anayetumia vidonge vya presha tayari yuko katika hali ambayo moyo na chumvi za damu yake zinahitaji uangalizi. Namheshimu jirani yako, nami nina hakika alisema kwa nia njema, lakini huenda alisikia habari za *pinnata* akauona huu wenye sifa hiyo hiyo ya kuzaa kwenye jani, akadhani ni kitu kimoja. Hata *pinnata* yenyewe, ambayo watu wa nchi nyingi huitumia juu ya jipu kama alivyofanya bibi wa kijana wetu, ina kemikali za kundi hili, na kuibandika juu ya ngozi ni jambo moja, kuinywa ni jambo jingine. Ikiwa mama amekwisha kunywa hata kikombe kimoja, mpelekeni kituo cha afya pamoja na tawi la mmea, ili wanaompokea wajue alichokunywa.

Mkulima wa Lushoto

Mimi niliishi na mmea huu miaka minne kabla ya kuumaliza, na nitaeleza kosa langu ili usilirudie. Niling'oa yote kwa siku moja, nikafurahi, nikaitupa kwenye shimo la mboji. Mvua za masika zilipofika, mboji ile niliitawanya kwenye matuta ya karoti na kabichi, na baada ya wiki tatu shamba langu lote la nyuma lilikuwa na zulia la vimche vya madoa. Mmea uliong'olewa haufi. Unalala juu ya udongo kwa miezi kadhaa, unatumia maji yaliyomo ndani ya majani yake, na wakati huo wote unaendelea kudondosha watoto.

Ng'oa asubuhi, udongo ukiwa na unyevu, kwa kushika shina chini kabisa, lakini kabla hujalitikisa weka chini yake gunia au turubai, kwa maana watoto wengi huanguka hapo hapo. Anza na yenye maua. Yote iingie katika mifuko myeusi ya plastiki migumu ya taka, ifungwe, iachwe juani mpaka kilichomo kiwe ute mweusi. Kwangu ilichukua wiki sita, na huko Morogoro kwenye joto huenda ikawa pungufu. Ukiweza kuichoma baada ya hapo ni bora zaidi. Vaa glavu, nawa mikono. Kisha zoa udongo wa juu wa mahali hapo, kina cha vidole viwili, nao uingie mfukoni, halafu funika pale kwa nyasi kavu nzito. Hata hivyo itakubidi urudi kila baada ya wiki mbili kwa muda wa mwaka, usiache hata mmoja ufike kimo cha kidole, kwa sababu mmea mdogo kabisa nao huanza kuzaa. Mimi nilichukua jukumu hilo pamoja na mjukuu wangu, yeye akiwa na macho makali kuliko yangu, na mvua mbili zilipopita hatukuona tena.

Kuna watu watakuambia ubakize mmoja kwenye chungu kwa ajili ya uzuri wake. Uzuri upo, sikatai. Lakini upepo wa Kihonda utapeleka watoto kwa jirani, na yeye ana kuku na wajukuu.

Mama Bustani, Kihonda, Morogoro

Mwalimu, Daktari, Mkulima, na mwanangu wa Wete, nawashukuru kwa dhati. Mama hakuwa amekunywa. Nilimsomea maneno ya Daktari neno kwa neno, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba majani mawili alikuwa ameyahifadhi chini ya kitambaa kabatini kwake ili ayachemshe mwenyewe nitakapokuwa sokoni. Tuliyatoa pamoja. Yalikuwa yamekaa humo siku sita bila maji, nayo yalikuwa yameanza kutoa mizizi kwenye kitambaa.

Jirani wa kulia nimekwenda kumwona jana jioni nikiwa na tawi na rula, nikamwonyesha ukingo, umbo la mtumbwi na maua. Kumbe mmea anaoufahamu yeye ni ule wa jani pana, aliouona kwao Tanga, na ameahidi kuwaambia wale wawili aliokuwa amewapa majani kutoka uani kwangu. Mmoja wao nimempigia simu mwenyewe.

Leo tumejaza mifuko minne. Gata tumelisafisha mara ya pili, na chini ya tangi nimekuta vimche ambavyo sikuviona nilipoandika mwanzo, vingi mno kuvihesabu. Nimebakiza tawi moja tu lenye maua, nimelilaza kati ya magazeti na kuliwekea matofali juu yake, kama Mwalimu atakubali kulipokea, ili jina alilolitoa lipate kielelezo cha kulithibitisha. Nimeandika juu ya gazeti mahali, tarehe na rangi ya maua, kwa sababu nadhani rangi hiyo itapotea likikauka.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Nitalipokea kwa furaha, dada. Badilisha magazeti kila siku, kwani majani haya yana maji mengi na yataoza, na kwanza yachovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja ili yafe, la sivyo yataendelea kuzaa humo humo ndani ya magazeti. Sufuria utakayoitumia isirudi jikoni.